Mchana wa Wafu: Je, Filamu ya Tatu ya Romero Inafikia Hadhi ya Zilizoitangulia?

Swali la iwapo mwendelezo wa kazi ya sanaa unalingana na kazi iliyoutangulia si geni kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili. Waliozizoea riwaya za Muhammed Said Abdulla tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960) walimjua Bwana Msa na kiko chake kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza wa riwaya iliyofuata, na walichotaka ni kumwona akikabiliana na fumbo jipya kwa werevu uleule. Waliotoka kwenye Nagona ya Euphrase Kezilahabi na kuingia Mzingile hawakuahidiwa raha ya namna hiyo. Walipokea maswali yaleyale yakiwa yamesogezwa mahali pagumu zaidi. Hizi ni aina mbili za mwendelezo, na aghalabu makosa ya uhakiki hutokea pale aina moja inapopimwa kwa mizani ya nyingine.

Makala haya yanalipeleka swali hilo katika uwanja ambao wahakiki wetu wengi huupita wakiwa wamefumba macho, yaani filamu za kutisha zenye umwagaji mwingi wa damu. Filamu tutakayoichunguza ni Day of the Dead, iliyoandikwa na kuelekezwa na Mmarekani George A. Romero na kutolewa mwezi Julai mwaka 1985. Ilitanguliwa na Night of the Living Dead (1968) na Dawn of the Dead (1978), zote mbili kazi za mwelekezi huyohuyo, na zote mbili huhesabiwa miongoni mwa filamu zenye athari kubwa zaidi katika utanzu huo. Hukumu iliyotolewa na wengi mwaka 1985 ilikuwa kwamba hii ya tatu imeshindwa kuzifikia. Tunaona kwamba hukumu hiyo ilikuwa na ukweli nusu, na kwamba ile nusu iliyokosewa ndiyo yenye uzito.

Kwanza tuafikiane kuhusu majina. Kwa wepesi wa marejeleo tutaziita filamu hizi Usiku, Alfajiri na Mchana. Mtu anaweza kudai kwamba jina la tatu lingetafsiriwa Siku ya Wafu. Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba inaibua sikukuu ya Wameksiko ya kuwakumbuka marehemu, ambayo haihusiani na filamu hii. Ya pili, na kubwa zaidi, ni kwamba inauvunja mfuatano wa majina yenyewe: usiku unaingia, kunapambazuka, kisha mwanga unatanda, na mwanga huo ni wa wafu kwa kuwa dunia sasa imekuwa mali yao. Kinaya kilichomo ni kwamba filamu inayoitwa Mchana inatendeka karibu yote chini ya ardhi, katika machimbo yasiyofikiwa na jua. Walio hai ndio waliozikwa, na wafu ndio wanaoota jua huko juu.

Neno zombi nalo linahitaji maelezo, maana hapo ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuiona filamu hii vizuri kuliko walivyoiona baadhi ya watazamaji wake wa kwanza. Asili ya zombi katika filamu ni imani za Haiti: maiti aliyeinuliwa kwa uchawi ili amfanyie bwana wake kazi. Ndivyo alivyosawiriwa katika White Zombie ya mwaka 1932. Msemaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda hadi Haiti kumpata kiumbe wa namna hiyo. Anaye msukule, anaye ndondocha, na katika kamusi za zamani atamkuta kizuu. Jambo linalowaunganisha wote hao ni kwamba wana mwenyewe. Msukule ni wa mtu. Anafichwa, analishwa, anatumwa. Anayesadiki habari za msukule huuliza mara moja: ni wa nani?

Alichokifanya Romero mwaka 1968 kilikuwa kumfuta mwenyewe huyo. Wafu wake, ambao katika Usiku hawaitwi zombi hata mara moja, hawakuinuliwa na mchawi wala hawatumwi na yeyote. Wameamka tu wakiwa na njaa ya nyama ya watu, na kila anayekufa huinuka akawa mmoja wao. Wazo la umati unaoizingira nyumba alikiri kulipata katika riwaya ya Richard Matheson, I Am Legend (1954), ila viumbe wa Matheson ni wanyonya damu wanaoweza kusema, na hawa wa Romero hawana neno. Katika jambo hili wanatofautiana pia na yule babu wa Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001), ambaye anarudi kutoka kaburini ili aseme na ahukumu. Wafu wa Romero hawamhukumu mtu. Hukumu inatokana na yale ambayo walio hai wanatendeana kwa sababu ya hofu yao. Tuliweke jambo hili la mwenyewe akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Usiku ilitengenezwa katika viunga vya Pittsburgh, jimboni Pennsylvania, kwa takribani dola 114,000 na kwa picha zisizo na rangi. Damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti, na kwa kuwa hapakuwa na rangi, haikuhitaji kuwa kitu kingine. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani. Ben, anayeigizwa na Duane Jones, anashikilia kwamba wabaki ghorofa ya chini na kuziba milango kwa mbao. Harry Cooper anataka wajifiche katika chumba kilicho chini ya ardhi. Ugomvi wao unawagharimu wenzao uhai, Ben anampiga Harry risasi, na mwishowe Ben huyohuyo anaokoka kwa kujificha kulekule chini alikokataa. Asubuhi inapofika, kundi la raia wenye bunduki linamwona dirishani na kumuua likidhani ni mfu.

Jones alikuwa Mweusi na waliompiga ni Weupe. Martin Luther King alikuwa ameuawa mwezi Aprili mwaka huohuo, na filamu ilionyeshwa mara ya kwanza mwezi Oktoba. Romero alieleza kwamba alimchagua Jones kwa kuwa ndiye mwigizaji bora aliyejitokeza, bila kujali rangi yake. Hata hivyo, maana ya kazi ya sanaa haisubiri ruhusa ya mtunzi. Picha za mnato zinazoifunga filamu, mwili wa Ben ukisogezwa kwa kulabu hadi kwenye rundo la kuni, zinafanana mno na picha za magazeti za enzi ile. Hakuna filamu iliyofuata ya Romero, Mchana ikiwemo, iliyoweza kufunga kwa uzito wa namna hiyo. Hilo tulikubali mapema.

Alfajiri ilikuja miaka kumi baadaye ikiwa na rangi, fedha kiasi na msaada wa Mwitaliano Dario Argento. Sehemu kubwa yake ilipigwa usiku, baada ya maduka kufungwa, katika jumba la maduka la Monroeville lililo karibu na Pittsburgh. Watu wanne wanalivamia jumba hilo, wanawafagia wafu waliomo na kuanza kuishi kama wafalme miongoni mwa makoti ya manyoya, saa na mashine za michezo. Nje ya milango ya vioo wafu wanasongamana wakitaka kuingia. Mmoja wa wahusika anadhani kwamba wanavutwa na kumbukumbu, kwamba mahali hapa palikuwa muhimu katika maisha yao. Tashtiti dhidi ya jamii ya walaji haikuhitaji maelezo zaidi. Damu iliyotumika ilitokea kuwa nyekundu mno, kama rangi ya ukutani, na Romero aliiacha hivyo kwa kuwa ilimkumbusha vitabu vya katuni. Wafu wanapanda na kuteleza kwenye ngazi za umeme. Genge la wahuni wa pikipiki linawarushia keki za krimu usoni. Mtazamaji anacheka, kisha anaona mtu anapasuliwa tumbo, na hajui kama aache kucheka. Nguvu ya filamu hii imo katika hali hiyo ya kutojua.

Kutokana na hayo, mtazamaji aliyeingia katika ukumbi wa sinema mwaka 1985 alikuwa na matarajio mawili yasiyopatana: alitaka simanzi ya Usiku, na alitaka vichekesho vya Alfajiri. Mchana haikumpa hata kimoja.

Historia ya kutengenezwa kwake inaeleza mengi. Romero alikuwa ameandika mswada mkubwa zaidi, wenye kisiwa, watawala dhalimu na jeshi la wafu waliofunzwa kutii amri. Wenye fedha walikuwa tayari kuugharimia kwa sharti kwamba filamu ipunguziwe ukatili ili ipate daraja ambalo lingewaruhusu vijana kuingia wakiandamana na wazazi. Iwapo angetaka kuitoa bila daraja lolote, kama alivyofanya na Alfajiri, angepewa fedha chache zaidi. Romero alichagua fedha chache. Mswada ukakatwa, kisiwa kikabaki kuwa picha ya mwisho tu, jeshi la wafu likabaki kuwa mfu mmoja aliyefungwa mnyororo, na filamu ikatengenezwa kwa takribani dola milioni 3.5 katika machimbo ya Wampum, Pennsylvania, pamoja na mandhari machache ya Florida.

Kwa maneno mengine, mtunzi aliuza nusu ya hadithi yake ili aibakize damu. Sidhani kwamba kuna mfano mwingine ulio bayana kuliko huu wa kulijadili suala la damu katika sanaa. Iwapo damu ni pambo tu, basi Romero alifanya biashara ya kijinga, na wanaowakataza vijana kuzitazama filamu hizi wana haki ya kuuliza kwa nini mtu mzima aitupe hadithi nzuri kwa ajili ya matumbo ya nguruwe (ndiyo yaliyotumika, na inasemekana kwamba jokofu lilizimika yakaoza, waigizaji wakafanya kazi katika uvundo). Inabidi tuonyeshe kwamba damu hiyo inafanya kazi ambayo hadithi peke yake isingeifanya.

Kisa chenyewe ni chepesi. Wamebaki watu 12 katika machimbo hayo: wanasayansi wachache, wanajeshi, rubani wa helikopta na fundi wa redio. Mwanasayansi Sarah, anayeigizwa na Lori Cardille, anatafuta chanzo cha janga. Mwenzake Dkt. Logan, ambaye wanajeshi wamempa lakabu ya Frankenstein, ameacha kutafuta chanzo; anataka kujua iwapo wafu wanaweza kufugwa. Kapteni Rhodes, aliyechukua uongozi baada ya mkuu wake kufariki, anataka majibu ya haraka la sivyo awaue wote. John, rubani mwenye asili ya visiwa vya Karibi, hataki lolote katika hayo. Katika mojawapo ya mazungumzo bora ya filamu, anamwonyesha Sarah kwamba machimbo hayo yamejazwa kumbukumbu za taifa zima, hesabu, kodi, rekodi na nakala za filamu, na kwamba hakuna atakayezisoma. Anaiona ghala hiyo kuwa kaburi lenye maandishi marefu yasiyo na msomaji. Kwetu sisi tunaoishi kwa kuhifadhi maandishi, hotuba hiyo inachoma kuliko meno ya wafu.

Tuingie katika maabara ya Logan. Juu ya meza amelazwa mfu ambaye viungo vyake vya ndani vimeondolewa. Daktari anakisogeza kidole karibu na kinywa, na mfu anauma hewa. Hana tumbo, hawezi kunufaika na chochote atakachokila, na bado anataka. Kwa hiyo njaa yake haitoki tumboni. Mfu mwingine anajaribu kuinuka kwenye meza na vyote vilivyokuwa ndani yake vinamwagika sakafuni, naye haonekani kujali. Wa tatu hana kichwa kamili. Umebaki ubongo ulioungwa na nyaya, na baadaye tunatambua kwamba huyo ndiye aliyekuwa mkuu wa wanajeshi. Mandhari haya yanachukiza. Hata hivyo, yana mpangilio wa hoja. Kila kiungo kinachoondolewa ni jibu moja linalofutwa kwa swali la ni nini kinachomfanya mtu awe mtu. Moyo umetolewa, tumbo limetolewa, uso umetolewa, na uchu umebaki. Riwaya ingehitaji sura nzima kuyaeleza hayo, na msomaji angeyakubali kwa akili tu. Filamu inamlazimisha ayaone, na kichefuchefu anachokipata ni sehemu ya hoja, kwa kuwa kinamkumbusha kwamba naye ndani yake ana vitu hivyohivyo.

Kazi hiyo ya mikono ilifanywa na Tom Savini na wasaidizi wake. Savini, aliyetengeneza pia majeraha ya Alfajiri, aliwahi kuwa mpigapicha wa jeshi la Marekani katika vita vya Vietnam. Katika Alfajiri wafu walipakwa rangi ya kijivu tu, ila katika Mchana ngozi zao zimekunjamana na kuoza, kila mmoja kwa namna yake. Alipewa tuzo ya Saturn kwa kazi hiyo. Katika suala hili la ufundi hapana mjadala: Mchana imezipita zote mbili.

Ila ufundi hautoshi, na hapa tunamfikia Bub. Huyu ni mfu ambaye Logan amemfunga mnyororo na kumfunza. Anapewa wembe, anaupitisha shavuni. Anapewa kitabu cha Stephen King, anakifungua. Anawekewa muziki wa Beethoven masikioni na uso wake unabadilika. Anapewa simu, na koo lake linajaribu kutoa sauti iliyo karibu na neno. Anapomwona Rhodes akiwa amevaa sare, anapiga saluti, maana yamkini alikuwa mwanajeshi. Rhodes anakataa kuirudisha. Sherman Howard anamwigiza kwa macho na mabega tu, na katika filamu yenye kelele nyingi yeye ndiye anayetuliza jicho la mtazamaji.

Tukimtazama Bub kwa dhana ya zombi peke yake, tutasema kwamba Romero amempa mfu utu. Hivyo ndivyo wahakiki wengi walivyosema baadaye, na si uongo. Tukimtazama kwa dhana ya msukule tunaona zaidi. Baada ya filamu mbili za wafu wasio na mwenyewe, mwenyewe amerudi. Logan ndiye bwana. Anamficha Bub, anamlisha, anamzawadia akitii na kumwachia gizani akikosea, kama mzazi anayemwadhibu mtoto. Na chakula anachompa, kama tunavyokuja kugundua, ni nyama ya wanajeshi waliokufa, ambao wenzao walidhani wamezikwa. Ustaarabu wote wa Bub, saluti yake na muziki wake, umenunuliwa kwa nyama hiyo. Nadharia ya Logan ni kwamba adabu si kitu zaidi ya utiifu uliolipwa, na kwamba walio hai hawatofautiani na mfu huyu. Filamu haikubali wala haikatai moja kwa moja. Inatuonyesha tu kwamba katika machimbo yale kila mtu anataka kumfanya mwenzake msukule: Rhodes anataka wanasayansi wawe wake, wanajeshi wanamtii Rhodes kwa kuwa wanaogopa bastola yake, na hata Sarah anamdunga mpenzi wake Miguel dawa ya kumtuliza pasipo hiari yake.

Kisha Rhodes anaigundua siri ya ile nyama na kumpiga Logan risasi. Bub anajinasua kwenye mnyororo, anautwaa mkononi na kumtafuta bwana wake ili amwonyeshe. Anamkuta amelala sakafuni. Sauti anayoitoa hapo haikufunzwa na yeyote, na hakuna nyama aliyoahidiwa. Katika tukio hilo moja nadharia ya Logan inaporomoka, na inaporomoshwa na mwanafunzi wake mwenyewe. Sikumbuki jambo lolote katika Usiku au Alfajiri linalofika mbali hivyo. Filamu hizo zilituonyesha walio hai wakiwa wabaya kuliko wafu. Hii inatuonyesha mfu mwenye uchungu wa mwingine, na inatufanya tumsikitikie kiumbe ambaye bado, kwa dhahiri, angetula.

Baada ya tukio hilo filamu inatenda kosa lake kubwa. Bub anaokota bastola, anamfuata Rhodes kwenye korido na kumjeruhi. Rhodes anafungua mlango na kujikuta mbele ya umati wa wafu, ambao wanamkamata na kumrarua vipande viwili huku akiwatukana. Bub anapiga saluti na kuondoka. Watazamaji wanaoipenda filamu hii hulitaja tukio hili kabla ya mengine yote, na kumbi za sinema zimelishangilia. Ufundi wake ni wa ajabu. Hata hivyo, tujiulize ni kazi gani damu hii inafanya. Kwa muda wa saa nzima na nusu tumefundishwa kwamba aliyelazwa mezani ni mtu, kwamba uso uliooza una kumbukumbu nyuma yake. Sasa analetwa mtu aliye hai, mbaya lakini aliye hai, na tunaalikwa tufurahi anaporaruliwa. Joe Pilato amemwigiza Rhodes kwa kupayuka tangu mwanzo hadi mwisho, bila hata dakika moja ya udhaifu unaoeleweka, na ninaamini sababu ni hiyo: ilibidi asiwe mtu ili kifo chake kisituumize. Huko ni kurudi kwenye raha ya Alfajiri bila kejeli ya Alfajiri. Wanaosema kwamba filamu za damu huzoesha moyo ukatili wangepata ushahidi wao hapa, na mimi nisingekuwa na jibu la kuwapa. Maabara ya Logan ninaweza kuitetea mbele ya mtu yeyote. Korido ya Rhodes siwezi.

Kasoro nyingine ni ndogo ila zipo. Wanajeshi wanapiga kelele katika sauti moja, kiasi kwamba ni vigumu kuwatofautisha hadi wanapoanza kuliwa. Roger Ebert, mhakiki wa gazeti la Chicago Sun-Times aliyeipa Alfajiri nyota nne, aliipa Mchana moja na nusu, na miongoni mwa malalamiko yake ni hayo makelele ya waigizaji. Hapo hakukosea. Miguel, ambaye anaumwa na mfu mkononi na kukatwa mkono na Sarah ili aokolewe, anaishia kuwafungulia wafu njia ya lifti bila filamu kutuambia vya kutosha kuhusu kilichokuwa kikimtafuna moyoni. Mswada uliokatwa umeacha alama zake katika mhusika huyu kuliko wengine. Kwa upande mwingine, Sarah ni hatua kubwa mbele. Barbra wa Usiku anapoteza ufahamu mapema na kubaki kwenye kochi. Fran wa Alfajiri anadai bunduki na kujifunza kuendesha helikopta, akiwa bado mmoja kati ya wanaume watatu wanaoamua mambo. Sarah ndiye nguzo ya filamu nzima, na anachoka kama wanavyochoka watu halisi.

Kuhusu mapokezi tuseme kwa ufupi. Filamu ilikusanya takribani dola milioni 5.8 nchini Marekani. Mwezi mmoja baadaye ilitoka The Return of the Living Dead ya Dan O'Bannon, ambayo wafu wake wanakimbia, wanazungumza na kudai ubongo wa kula. Hiyo ilichekesha na ikapata fedha zaidi. Watazamaji wa mwaka ule walitaka kucheka. Mchana ilipata heshima yake polepole, kupitia kanda za video, na kabla ya kufariki mwezi Julai mwaka 2017 Romero alikwisha kusema zaidi ya mara moja kwamba ndiyo aliyoipenda kuliko zote tatu. Kauli ya mtunzi kuhusu kazi zake haimfungi mhakiki, maana mzazi aghalabu humpenda zaidi mtoto aliyedhulumiwa.

Tukirudi basi kwenye mizani yetu ya mwanzo: kama mwendelezo wa aina ya Bwana Msa, unaotakiwa kuturudishia raha tuliyoizoea, Mchana iko chini ya Alfajiri, na mwisho wake, ambapo Sarah anazinduka ghafla ufuoni mwa kisiwa na kutia alama siku moja kwenye kalenda, ni hafifu ukilinganishwa na kulabu zile za Usiku. Hatujui hata kama kisiwa hicho ni kweli au ni ndoto, kwa kuwa filamu ilianza kwa ndoto yenye kalenda. Kama mwendelezo wa aina ya Mzingile inafikia hadhi ya zote mbili, na katika maabara ya Logan na uchungu wa Bub inazipita. Biashara ya Romero ilikuwa na faida kwa sehemu kubwa ya damu aliyoibakiza, na hasara kwa sehemu ile ya korido.

Kuna kipimo kimoja cha ziada. Mwaka 2005 Romero alitoa Land of the Dead akiwa na fedha nyingi kuliko alizowahi kupewa kwa filamu zilizotangulia za mfululizo huu, na akarejelea baadhi ya mawazo ya ule mswada uliokatwa, yakiwemo ya watawala waliojitenga na wafu wanaojifunza. Kiongozi wa wafu humo, aliyekuwa mhudumu wa kituo cha mafuta, anafahamu silaha, anawahurumia wafu wenzake na kuwaongoza kuvuka mto kuliendea jiji la matajiri. Ni filamu nzuri. Lakini mfu huyo hana mwenyewe wala hakuwahi kuwa naye, hakufunzwa wala hakulishwa na mtu, na uasi wake hauna mnyororo wa kushika mkononi kumwonyesha yeyote. Watazamaji wanaomkumbuka ni wachache mno kuliko wanaomkumbuka Bub.